Wimbo, tangazo, picha: namna ya kuweka kila kitu mahali pake kwenye tovuti ya kwaya

"Yaya, maneno ya ule wimbo wa matoleo iko fasi gani?"

Ujumbe huo ulinifikia Ijumaa moja usiku. Aliyeuandika ni mwimbaji wetu wa tenor ambaye siku hizi anafanya kazi Kolwezi. Wimbo ulikuwepo kwenye tovuti, niliuweka kwa mkono wangu. Lakini ulikuwa umezikwa katikati ya ukurasa mmoja mrefu, chini ya picha arobaini za harusi, juu ya ratiba ya Pasaka iliyokwisha pita. Alisogeza kidole, akasogeza tena, mega zake za intaneti zikaisha kabla hajaufikia. Jumapili alikuwa anarudi Lubumbashi kuimba nasi, na alitaka kujifunza sauti yake njiani.

Usiku ule niliona kosa langu. Tovuti nilikuwa naijaza kama gunia: unatia maharagwe, unatia chumvi, unatia sabuni, kisha unashangaa kwa nini maharagwe yana harufu ya sabuni. Mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu unayoendeshea tovuti, umetengenezwa kama nyumba yenye vyumba. Kazi ya anayeuendesha ni kujua kila kitu kinalala chumba gani.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu aliyepewa neno la siri la tovuti ya kwaya, ya shule au ya chama, akaambiwa tu "uweke vitu". Nitatumia WordPress, kwa sababu ndiyo tunayoitumia sisi, na ndiyo iliyo chini ya zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Toleo lake la kwanza lilitoka tarehe 27 Mei 2003, na programu yenyewe inapatikana bure. Majina ya vitufe nitayaandika kwa Kifaransa, kwa kuwa hapa kwetu wengi tunaifungua kwa lugha hiyo. Ukitumia mfumo mwingine kama Joomla au Drupal, majina yatabadilika lakini mawazo ni yale yale.

Hatua ya 1: Taja kitu ni cha aina gani kabla ya kugusa kitufe

Chukua karatasi. Andika vitu vyote ambavyo watu wamekutumia kwa WhatsApp ili uviweke kwenye tovuti. Kisha kwa kila kimoja jiulize: hiki kitazeeka, au kitakaa?

Tangazo la mazoezi ya Jumamosi linazeeka. Habari ya safari ya Likasi inazeeka pia, hata kama ni tamu. Vitu vya namna hiyo vinaingia kwenye "Articles". Mfumo unavipanga kwa tarehe, kipya juu, cha zamani kinashuka chenyewe, hutahitaji kukisogeza.

Historia ya kwaya, namna ya kujiunga, mahali tunapofanyia mazoezi: hivyo vinakaa. Vinaingia kwenye "Pages". Ukurasa haufuati tarehe. Unaweza kuuweka chini ya ukurasa mwingine, kama mtoto chini ya mzazi, na unaubadilisha pale pale pasipo kutengeneza mpya kila mwaka. Nimeona tovuti yenye kurasa nne za "Namna ya kujiunga", kila moja na ada yake tofauti. Mgeni atajua vipi ipi ni ya kweli?

Halafu kuna kundi la tatu, ambalo watu wengi hawalioni: vitu vinavyojirudia kwa umbo lile lile. Kwetu ni nyimbo. Kila wimbo una jina, mtunzi, lugha, maneno, sauti, noti. Kwa shule inaweza kuwa walimu, kwa chama cha wakulima mazao. Kundi hili nitalirudia mbele, kwa sababu ndilo lililotuokoa.

Hatua ya 2: Rekebisha saa ya tovuti

Jambo dogo, dakika mbili, lakini lifanye kabla ya yote. Fungua "Réglages", kisha "Général", tafuta "Fuseau horaire". WordPress mpya kwa kawaida inakuja na saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Sisi tuko mbele ya hiyo kwa saa 2. Kwa hiyo ukipanga tangazo litoke saa 18:00 jioni, litatoka saa 20:00 yetu, watu wamekwisha toka mazoezini.

Wengine wakiona hivyo wanachagua Kinshasa, kwa kuwa ndio mji mkuu. Usifanye hivyo. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 1. Shuka kwenye orodha ya Afrika, utakuta jina la Lubumbashi limeandikwa kabisa, lichague. Ndugu wa Goma na Bukavu nao wachague hilo hilo, saa yetu ni moja.

Hatua ya 3: Fungua kategoria chache, kisha ujizuie

Kategoria ni rafu. Sisi tuna nne tu: Matangazo, Habari, Misiba na Shukrani, Mafunzo. Kila "article" inaingia kwenye rafu moja. Usipoichagulia rafu, mfumo utaitupa kwenye ile ya kwanza, ambayo kwa Kifaransa inaitwa "Non classé", na huko ndiko vitu vinakopotelea.

Lebo, yaani "Étiquettes", ni kitu kingine: ni maneno ya kuunganisha, kama Noeli, Ubatizo, Kibemba. Ukitaka kuongeza kategoria ya tano, ngoja kwanza uwe na vitu vitano vya kuweka ndani yake.

Hatua ya 4: Andika maneno, na uyabandike yakiwa safi

Bonyeza "Articles", kisha "Ajouter". Juu unaandika kichwa, chini unaandika maneno. Tangu Desemba 2018, WordPress inatumia bloku: kila aya ni bloku, kila picha ni bloku, kila sauti ni bloku. Kitufe cha alama ya kujumlisha ndicho kinachokuletea bloku mpya.

Mara nyingi maneno yanatoka kwa katibu, ameyaandika kwenye Word, na Word inakuja na rangi zake na herufi zake. Bandika kwa Ctrl+Shift+V: maneno yanaingia matupu, yanavaa sura ya tovuti yako. Aya ndefu zikate. Kichwa kidogo kikihitajika, tumia bloku ya "Titre", usiandike tu kwa herufi nene, kwa sababu mtu asiyeona anayesomewa ukurasa na simu yake anaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Herufi nene pekee simu haizihesabu kuwa kichwa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi usiogope sana, mfumo unajihifadhia rasimu kila baada ya muda mfupi. Hata hivyo, habari ndefu mimi naiandika kwanza kwenye simu, kisha naipeleka.

Na lile tatizo la afishi, yaani bango la tangazo. Kila tukio kubwa, kijana mmoja anatengeneza afishi nzuri, rangi tele, tarehe na mahali vyote vimo ndani ya picha. Kisha wazee wanasema: weka hiyo, inatosha. Haitoshi. Mtu akitafuta kwa Google "tamasha la kwaya Katuba", afishi haitamletea kitu, kwani maneno yamefungwa ndani ya picha. Saa ikibadilika, huwezi kuifuta. Mwenye mega chache anaona mraba wa kijivu unaozunguka. Mimi naandika kwanza mistari minne: siku, saa, mahali, kiingilio. Afishi inakuja chini yake kama pambo. Jambo hili nimeligombania na wakubwa wangu kwa heshima zote, na sitaliacha.

Saa yenyewe iandike kwa tarakimu, 16:00. Ukiandika "saa kumi", mama mmoja atahesabu kwa Kiswahili aje jioni, kijana wake atahesabu kwa Kifaransa aje asubuhi, na wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa.

Hatua ya 5: Picha

Picha ya simu za leo ina upana wa pikseli 4000, uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Kioo cha simu ya msomaji hakihitaji hata nusu yake. Tangu toleo 5.3 la Novemba 2019, WordPress inajipunguzia yenyewe picha inayozidi pikseli 2560, lakini wewe umekwisha lipia safari ya ile kubwa. Ipunguze kwenye simu yako kwanza: upande mrefu usizidi pikseli 1600, uzito uwe karibu na kilobaiti 300.

Picha iliyopitia WhatsApp imekwisha punguzwa tayari, na kwa tovuti mara nyingi inafaa. Tatizo ni picha za kundi: waimbaji wa mstari wa nyuma wanakuwa nyuso za unga. Kwa hizo omba aliyepiga akutumie kama "Document", uipunguze mwenyewe.

Badilisha jina la faili kabla ya kuipakia. "IMG-20240512-WA0031" halimwambii mtu lolote, na ikishaingia kwenye "Médias" WordPress haina kitufe cha kubadilisha jina la faili. Andika "kwaya-likasi-pasaka", bila nafasi, bila alama za Kifaransa juu ya herufi.

Ikishaingia, jaza "Texte alternatif". Hapo unaeleza kilichomo kwa anayesikiliza badala ya kuona: "Waimbaji wa soprano wamevaa vitenge vya bluu, wamesimama mbele ya altare." Sentensi moja inatosha.

"Image mise en avant" ni picha ya utambulisho wa habari, ile inayoonekana kwenye orodha. Si lazima irudie ndani ya maneno.

Sasa mambo mawili ambayo hayamo kwenye vitufe. Kwanza, watoto: usiweke uso wa mtoto bila kumuuliza mzazi wake, tena ana kwa ana. Pili, kamera za simu huweza kuandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Ukienda kupiga picha za msiba nyumbani kwa mtu, zima hiyo kwanza kwenye mipangilio ya kamera. Nyumba ya mfiwa isianikwe kwa dunia nzima.

Hatua ya 6: Sauti

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tovuti yetu ilipopata maana.

Kinasa sauti kizuri kinakupa faili ya WAV. Dakika moja ya WAV ya kiwango cha CD inakula kama megabaiti 10 na nusu. Wimbo wa dakika tano ni zaidi ya megabaiti 50. Wimbo huo huo ukiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hauzidi megabaiti 5. Ukiufanya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili, kilobiti 64, unashuka hadi megabaiti 2 na nusu hivi. Sasa hesabu kwa mfuko wa mwimbaji mwenye mega 100: WAV hatamaliza hata nyimbo mbili, MP3 ya 128 atasikiliza ishirini, ya 64 atasikiliza arobaini. Kwa kujifunza sauti yako, 64 ya mono inatosha kabisa. Ile ya 128 tunaiweka kwa wimbo kamili tu.

Kazi ya kubadilisha mimi naifanyia kwenye Audacity, programu ya bure:

1. Fungua WAV, kata ukimya wa mwanzo na kikohozi cha mwisho.
2. Geuza iwe mono kama ni ya mazoezi.
3. Toa MP3, uchague kilobiti 64 au 128.
4. Ipe jina: wimbo-wa-matoleo-tenor, wimbo-wa-matoleo-alto, na kadhalika.
5. WAV yenyewe usiifute. Ihifadhi kwenye diski nje ya tovuti.

Kisha kwenye WordPress, ongeza bloku ya "Audio", pakia faili. Upande wa kulia kuna mpangilio wa "Préchargement", uweke kwenye "Aucun". Maana yake simu ya msomaji haitaanza kuvuta sauti kabla hajabonyeza kusikiliza. Ukurasa wenye sauti tano usipofanya hivyo, simu inaweza kuanza kuzigusa zote kabla mtu hajachagua. Mwimbaji wa bass hana sababu ya kulipia sauti ya soprano.

Chini ya kila bloku ya sauti andika muda na uzito: "Tenor, dakika 4 na sekunde 50, MB 2.3". Watu wetu wanahesabu mega kama wanavyohesabu nauli. Ukiwaambia bei kabla, wanakuamini.

Mama mmoja wa Kamalondo alituletea kaseti. Kifuniko kimepasuka, lebo imeandikwa kwa kalamu ya bluu iliyofifia, maneno mawili tu yanasomeka. Marehemu mume wake alikuwa mwalimu wa kwaya. Tuliunganisha redio-kaseti na kompyuta kwa waya mmoja, tukaacha upande mzima ujicheze huku sisi tumenyamaza, kwa sababu kaseti kuukuu hujui kama itakubali kuchezwa mara ya pili. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Ulipofika ubeti wa pili, alisema: "Muko munaimba vibaya. Sikieni." Kweli, ubeti ule tulikuwa tumeubadilisha bila kujua, miaka yote. Neno moja la Kibemba liligeuka kuwa lingine linalofanana nalo.

Siku ile ya kaseti ilinifundisha kwamba sauti na maneno yake visitenganishwe kwenye ukurasa. Sauti ikikaa peke yake, watu wataikariri vibaya. Maneno yakikaa peke yake, tuni itapotea. Kama sauti imetoka kwenye kaseti, sema hivyo chini yake: nani aliimba, nani aliitunza, na mwaka kama unajulikana. Mama yule tulimwomba ruhusa kabla ya kuiweka, akatukubalia, akaomba tu jina la mumewe liandikwe kama yeye mwenyewe alivyokuwa akiliandika.

Hatua ya 7: Maneno ya wimbo

Ukibonyeza Enter mwishoni mwa kila mstari, WordPress itafanya kila mstari kuwa aya, na ubeti utatawanyika. Bonyeza Shift na Enter pamoja: mstari unashuka, aya inabaki moja. Au tumia bloku ya mashairi, ambayo inashika nafasi zote kama ulivyoziandika. Kiitikio kiandike kizima mara ya kwanza, kisha "Kiitikio" tu mara zinazofuata.

Nyimbo za Kibemba, Kiluba au Sanga mpe mzee anayeijua lugha azisome kabla hujabonyeza "Publier". Usiitegemee simu ikusahihishie. Simu inageuza maneno ya Kibemba kuwa Kifaransa bila aibu.

Hatua ya 8: Video, PDF na jedwali

Video usiipakie ndani ya tovuti yako. Dakika moja ya simu inaweza kupita megabaiti 100, na nafasi uliyoikodi itajaa mara moja. Ipeleke YouTube, nakili kiungo, kibandike kwenye mstari mtupu wa habari yako. WordPress inakigeuza kuwa video yenyewe. Faida ya pili: kule YouTube mtazamaji anaweza kuchagua ubora mdogo, 240 au hata 144, akaokoa mega. Video ya mazoezi ambayo hamtaki ionwe na kila mtu, iwekeni "Non répertoriée", itaonwa na mwenye kiungo tu.

Noti za solfa zinaingia kama PDF, kwa bloku ya "Fichier". WordPress inapenda kuionyesha PDF nzima ndani ya ukurasa. Izime hiyo upande wa kulia, ubakize kitufe cha kupakua. Na uandike uzito.

Jedwali ni kwa ratiba. Nguzo tatu, zisizidi: siku, saa, mahali. Ya nne inatoka nje ya kioo cha simu.

Hatua ya 9: Ipe aina yako chumba chake

Tulipofikisha nyimbo ishirini hivi, niliona kwamba kuziandika kama "articles" hakufai. Wimbo wa Noeli ulioingia Januari ulikuwa unashuka chini kila tangazo jipya linapotoka, kana kwamba wimbo nao unazeeka. Nao haukuwa "page", kwani kurasa zilikuwa zinajaa kwenye menyu.

Jibu ni kuunda aina mpya. Kuna programu-jalizi za bure, yaani vipande vya kuongezea kwenye WordPress, ambazo unazipata kwenye "Extensions", zinakuruhusu kuongeza kwenye menyu ya kushoto neno lako mwenyewe. Sasa kwetu, chini ya "Articles" na "Pages", kumeandikwa "Nyimbo". Ukibonyeza kuongeza, unakuta visanduku vinakungoja: jina la wimbo, mtunzi, lugha, sehemu ya misa, sauti nne, noti.

Fuata utaratibu huu. Kwanza chora visanduku kwenye karatasi, ukiwa na mwalimu wa kwaya pembeni yako. Yeye alinikumbusha "sehemu ya misa", mimi nisingeiwaza. Pili, jaribu kwa nyimbo tatu zilizo tofauti kabisa: wenye sauti moja, wenye lugha mbili, usiojulikana mtunzi. Kisanduku kikishindwa kwa wimbo mmoja kati ya hizo, kirekebishe sasa, sio ukiwa na nyimbo hamsini. Tatu, "sehemu ya misa" na "lugha" vifanye orodha ya kuchagua, usiache watu waandike wenyewe. La sivyo utapata "Kibemba", "kibemba", "Bemba" na "Cibemba", na atakayetafuta mojawapo hataona tatu zilizobaki.

Chagua programu-jalizi inayosasishwa mara kwa mara, na usisakinishe mbili kwa kazi moja.

Kama hutaki kwenda mbali hivyo, tengeneza wimbo mmoja vizuri, hifadhi mpangilio wake kama "Composition", na kila wimbo mpya uanze kutoka hapo. Umbo litafanana, ingawa utafutaji utakuwa dhaifu.

Hatua ya 10: Gawa funguo

Neno la siri moja kwa watu sita ni hatari. Fungua akaunti kwa kila mtu. "Contributeur" anaandika lakini hachapishi, wala hapakii picha: inamfaa kijana anayeanza. "Auteur" anachapisha vyake na kupakia. "Éditeur" anagusa vya wote. "Administrateur" wabaki wawili, sio mmoja, kwa sababu mmoja anaweza kusafiri Kasumbalesa na simu ikaibiwa huko.

Waambie wote jambo hili: ukifuta "article", inakwenda "Corbeille" na unaweza kuirudisha ndani ya siku 30. Ukifuta picha au sauti kwenye "Médias", imekwenda moja kwa moja, na kila ukurasa ulioitumia unabaki na tundu. Kabla ya kufuta faili, hakikisha hakuna mahali inapotumika.

Hatua ya 11: Kabla na baada ya "Publier"

Angalia anwani ya ukurasa, ile inayoanza baada ya jina la tovuti. Ifupishe sasa: wimbo-wa-matoleo. Ukishautuma kwenye makundi ya WhatsApp, usiiguse tena, kwani kiungo cha zamani kinaweza kumfikisha mtu mahali pasipo kitu.

Ukipanga habari itoke baadaye, jua kwamba WordPress inaamka pale mtu anapotembelea tovuti. Tovuti isiyo na wageni usiku inaweza kuchelewesha tangazo la alfajiri mpaka mgeni wa kwanza afike. Mimi tangazo la saa 6:00 asubuhi naifungua tovuti mwenyewe nikiamka.

Kisha chukua simu ndogo. Sio ya kwako kama ni nzuri, azima ya mdogo wako. Zima Wi-Fi, tumia mega, fungua ukurasa, ujifanye tenor wa Kolwezi: unatafuta sauti yako, umebakiwa na dakika chache kabla basi halijaondoka. Hesabu umebonyeza mara ngapi. Kwetu sasa ni mara tatu: Nyimbo, jina la wimbo, Tenor. Ikizidi nne, rudi hatua ya 1.

Mara moja kwa mwezi nenda "Outils", kisha "Exporter", upakue faili yenye maandishi yote. Faili hiyo haibebi picha wala sauti zenyewe, inabeba viungo vyake tu. Kwa hiyo folda ya WAV na picha asili inakaa kwenye diski mbili, moja kwangu Katuba, nyingine kwa mwalimu wa kwaya. Ile kaseti yenye maandishi ya bluu tumemrudishia mama mwenyewe.